Usimshtue Kabla ya Mtihani

"Pokea," mama mgonjwa alisema, akiusukuma mkono wa Garam ulioshika kijiko cha uji. "Usipopokea atajua kuna jambo."

Simu ilikuwa inatetemeka juu ya kabati la chuma kando ya kitanda. Aliyepiga alikuwa Seungpyo. Garam aliweka kijiko chini, akatoka hadi kwenye korido ya wodi. Tangu asubuhi alikuwa kwenye dirisha la ofisi ya mtaa akiwagongea watu mihuri, kisha akapanda treni mpaka mji wa Suwon bila kupata kiti. Miguu yake ilikuwa haitaki tena kusikia habari ya kusimama.

"Haloo, mpenzi."

"Mbona unachelewa kupokea?"

"Nilikuwa nimeshika mkoba na mwavuli. Nina mikono miwili tu. Umekula?"

"Nimekula na wale watu wangu wa meza."

Watu wa meza walikuwa watahiniwa wenzake wa kule Noryangjin, mtaa wa Seoul wanakoishi wanaojiandaa kwa mitihani ya serikali. Walitafutana mtandaoni wapate kula pamoja ili mtu asile peke yake kama mfungwa. Masharti yao yalikuwa hakuna kuulizana maisha na hakuna soga. Mmoja tu, Dalho, ndiye aliyekuwa na mdomo usiokaa.

"Haya, niulize," Seungpyo alisema.

Huo ndio uliokuwa mchezo wao kila jioni tangu Garam afaulu mtihani huohuo na kuajiriwa. Yeye alitaja maana kwa Kikorea, Seungpyo akatoa neno la Kiingereza, somo mojawapo la mtihani.

"Kushtua ghafla."

Kimya.

"Mpenzi?"

"Ninalijua. Liko hapa mdomoni. Jana nimeliandika mpaka kidole kikafa ganzi."

"Startle."

"Su-ta-tul," alirudia, ulimi wake ukijaza irabu kila penye pengo, kama ndimi zetu zote zinavyofanya. "Neno hili lina kinyongo na mimi."

"Unaliendea kwa Kikorea, ndiyo maana. Kwetu mtu anashtuka, basi, yamekwisha. Wenzetu wanaanza na kile kilichomshtua. Mlango ulinishtua. Simu ilinishtua. Mwenye kushtuka anakuja mwisho."

"Wana shida gani hawa? Mimi nikishtuka nimeshtuka. Mlango nitauuliza nini?"

Garam alicheka, ila hata kicheko chenyewe kilitoka kimechoka.

"Tunga sentensi ya maisha yako, itakaa. Nini kilikushtua mara ya mwisho?"

"Hakuna. Naamka, naipiga picha saa ya mezani, nawatumia wenzangu waone nimeamka. Nasoma. Nakula. Nalala. Garam, mtu wa namna hii anashtuliwa na nini?"

Kipaza sauti cha juu ya kichwa cha Garam kikakoroma: "Ndugu wa wagonjwa, mnakumbushwa kuvaa barakoa muwapo wodini."

"Uko wapi?" Seungpyo aliuliza.

"Kituo cha treni."

"Kituo gani kina wodi?"

"Ni tangazo la runinga, mpenzi. Treni imekuja, nitakupigia."

Alikata, akaegemeza paji la uso ukutani. Uongo si mzito unapoutamka. Unakuja kuelemea baadaye, unapotakiwa kuukumbuka.

Mama yake Seungpyo alianguka katika duka lake la vitoweo vya kabichi ya kuchachushwa sokoni, wakati maua ya cheri yalipoanza kupukutika. Valvu ya moyo ilikuwa imechoka. Upasuaji ulipangwa Alhamisi ya wiki hiyo. Mtihani ulikuwa Jumamosi. Seungpyo alikuwa anaufanya mara ya nne, na ukoo mzima ulijua kwamba kama si safari hii basi tena.

Kwetu mtu wa mtihani hubebwa kama yai. Hapewi supu ya mwani, kwa kuwa mwani unateleza na yeye asije akateleza. Neno "kuanguka" halitamkwi mbele yake. Na habari mbaya, hata iwe ya msiba, humngoja getini mpaka aweke kalamu chini. Kwa hiyo mama alisema asiambiwe. Inpyo, kaka yake Seungpyo, akasema asiambiwe. Garam naye akainamisha kichwa, kwa sababu mkwe mtarajiwa haulizwi maoni.

Aliporudi kitandani, mama alikuwa akimngojea kwa macho.

"Anasoma?"

"Anasoma, mama."

"Sauti yake?"

"Imechoka."

"Na yako pia. Kaa, mwanangu. Uji uache, nitakunywa ukipoa." Akawa anaikunja ncha ya shuka. "Nimeshamwambia Inpyo, na wewe sikia. Alhamisi nikilala nisiamke, mtamwambia Jumamosi jioni. Maiti haina haraka."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimeuza vitoweo tangu hawa watoto wakiwa na kamasi. Najua kitu kikichacha na najua kikiharibika. Nasema ili lisemwe."

 Garam alikuwa anaiona akilini suti nyeusi ya baba yake. Siku aliyofanya mtihani wake alitoka ukumbini akamkuta baba amesimama getini na suti ile, akadhani kavaa nadhifu kwa ajili ya kumpongeza. Akamkimbilia anacheka. Ndipo akaambiwa kwamba bibi yake, aliyemlea tangu anyonye, alifariki siku chache nyuma na ameshazikwa. Matokeo yalipotoka amefaulu, watu walisema bibi angefurahi. 

Inpyo alimpeleka kituoni kwa gari lake la kijivu, akamshushia mkoba kama alivyozoea. Walikuwa wawili waliochoka. Hakuna aliyekuwa na soga.

Kesho yake Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Garam.

"Dalho alikwenda kwao Suwon Jumapili. Amekuona. Umeteremka kwenye gari la kijivu, mwanaume amekubebea mkoba, umemwinamia na kucheka. Kumbe ndicho kituo chako cha treni. Kesho mchana nitakuwa kwenye kile kibanda cha wali. Ukitaka njoo, usipotaka nitaelewa."

Garam aliusoma akiwa ameshika vijiti, mchuzi ukimpoa mbele yake. Akampigia Inpyo.

"Shemeji, amepata habari kwamba nina mwanaume. Na mwanaume mwenyewe ni wewe."

Inpyo alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka.

"Vumilia mpaka Jumamosi. Akuone mbaya siku hizi chache, tutakuja kumwelewesha."

"Na mtu anayejua ameachwa, anasoma?"

"Hasira inasomesha. Kuliko kilio."

"Na Alhamisi, shemeji?"

"Usianze."

"Nauliza tu. Mama asipoamka?"

"Garam." Hakuwahi kumwita kwa jina lake tupu hivyo. "Mimi sijalala usingizi wa maana tangu mama aanguke. Nafunga breki za magari ya watu kiwandani huku nasinzia. Unachosema nakijua. Lakini mama ameinama juu ya mapipa ya kabichi miaka yote hii ili huyu mtoto avae kadi ya serikali shingoni. Ukimshtua leo, Jumamosi akashindwa, utaubeba mzigo huo? Maana mimi siuwezi."

Garam naye hakujua kama anauweza. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, Seungpyo hakupiga simu kuulizwa maneno.

Jumatano mchana aliomba ruhusa kazini. Noryangjin ilikuwa vilevile: vijana wa suti za mazoezi na kandambili, nyuso zimepauka kwa taa za maktaba, wanakula wali kwenye vikombe vya karatasi wakiwa wamesimama. Seungpyo alikuwa pembeni kabisa ya kibanda. Alikuwa amenunua vikombe viwili. 

"Umekonda," alimwambia.

"Na wewe pia. Mapenzi mapya yanachosha, eh?"

"Kula kwanza."

"Sema kwanza."

"Seungpyo, kula. Utasikia njaa."

"Unaona? Hivyo ndivyo mnavyoniongelesha wote. Kula, lala, vaa soksi. Mama naye, ukimwuliza hali anauliza kama nimekula." Alichovya kijiko, akala, si kwa hamu bali amalize ubishi. "Nimefikiri sana, Garam. Sikulaumu. Wewe una dirisha lako na muhuri wako. Mimi nina kandambili. Tungeoana nikifaulu, tukasema mwaka huu, tukasema ujao. Mtu anachoka. Nenda. Ila usingoje Jumamosi ipite ndiyo unihurumie. Niambie leo kwa mdomo wako."

Ilikuwa rahisi sana kukubali. Angesema ndiyo, nina mwingine, na Seungpyo angerudi chumbani na hasira yake akasome, kama Inpyo alivyotabiri. Jumamosi ingepita. Na kama Alhamisi ingekuwa mbaya, ingekuwa imepita nayo, imezikwa, imefagiwa, na yeye Garam ndiye angesimama getini na nguo nyeusi.

"Yule mwenye gari la kijivu ni kaka yako."

"Nini?"

"Inpyo. Alikuwa ananitoa hospitali. Mama yako amelazwa Suwon. Ni moyo. Kesho asubuhi anapasuliwa."

Seungpyo alibaki na wali shavuni, hatafuni wala hamezi. Nyuma yake kijana mmoja alikuwa anakariri miaka ya wafalme kwa sauti ya chini.

"Tangu lini?" aliuliza hatimaye.

"Tangu maua ya cheri yalipokuwa yanapukutika."

"Jumapili nimeongea naye. Aliniambia anamenya vitunguu saumu."

"Alikuwa kitandani. Mimi ndiye niliyemshikia simu sikioni."

"Ulimshikia simu."

"Ndiyo."

"Ukanisikia namwambia asinyanyue ndoo nzito."

"Nikakusikia."

Alikiweka kikombe chini polepole, kama kitu kinachoweza kupasuka.

"Wewe, Garam. Ningeambiwa ni Inpyo, sawa. Mama, sawa, huyo ndivyo alivyo. Lakini wewe uliyezikiwa bibi yako kwa siri? Ulilia mapajani kwangu, ukasema baba yako hutamsamehe."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Umechelewa."

"Nimechelewa. Najua. Ila haijawa Jumamosi."

Seungpyo aligeuka akaondoka. Hakukimbia, alitembea kwa zile kandambili, akapotea kwenye mlango mwembamba wa jengo alilopanga chumba, chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Garam alisimama chini ya ngazi. Hakujua kama amefunga mlango kwa ufunguo, kama analia, au amefungua kitabu. Mtu aliyebebwa kama yai kwa muda mrefu, ukimweka chini, hujui atavunjika au atatembea.

Seungpyo alishuka na shati safi mkononi, bila kitabu. Kandambili bado miguuni.

"Mbona umesimama?" alisema. "Twende. Utanionyesha wodi."

Ndani ya treni walipata viti. Seungpyo hakumshika mkono. Vituo vilipita, vizee vikapanda na kushuka, na mtu mmoja akapita akiuza soksi. Baada ya muda mrefu Seungpyo akasema, macho yakiwa dirishani:

"Lile neno lako halitanitoka tena."

"Nisamehe."

"Sijasema umenikosea wala nimekusamehe. Nasema tu halitanitoka."

Kisha kichwa chake kikamwangukia Garam begani, akalala hapohapo kama mtu aliyezimwa. Mkono wa Garam ulikufa ganzi mpaka Suwon, asiutikise.

Mama alikuwa ameketi kitandani, anachana nywele kwa ajili ya kesho. Alipomwona mwanawe mlangoni, chanuo lilibaki hewani.

"Nani amekuleta?"

"Miguu yangu."

"Kitabu kiko wapi?"

"Nimekiacha."

"Umekiacha. Mtihani Jumamosi, na yeye amekiacha." Akageuza macho. "Garam."

"Abee, mama."

"Ni wewe."

"Ni mimi, mama. Nilaumu mimi."

Inpyo alikuwa ameinuka kwenye kiti cha pembeni, uso wake kama wa mtu anayetafuta ukuta wa kuupiga ngumi. Mama aligeukia dirisha. 

"Nilitaka niondoke kimyakimya," alisema, bila kuwatazama. "Kama mtu anayetoka nyumba yenye mtoto aliyelala."

"Mimi si mtoto aliyelala, mama."

"Naona. Mtoto hana ndevu hizo. Na unanuka, Seungpyo. Huko Noryangjin hakuna maji?"

"Yapo. Ni ya baridi."

"Njoo hapa."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Mama alimshika mkono, akaugeuza, akakitazama kidole cha kati kilichoota sugu ya kalamu. Akakisugua kwa dole gumba lake kama anayefuta doa.

"Naogopa, mwanangu," alisema.

"Na mimi naogopa."

"Daktari ni kijana sana. Ana chunusi."

Seungpyo alicheka, na katikati ya kicheko uso ukamvunjika, akauficha kwenye shuka la mama yake. Mama akawa anampapasa kisogo.

Inpyo alitoka ghafla. Garam akamfuata mpaka koridoni, akiwa tayari kwa lolote.

"Nitukane, shemeji."

Inpyo alikuwa ameegemea dirisha, mabega yakipanda na kushuka.

"Siku zote hizi nalala kwenye kile kitanda cha kukunja pale chini yake," alisema. "Kila siku namwuliza, mama unaogopa? Ananiambia naogopea nini, niletee chungwa. Hajawahi kuniambia. Na mimi sikuwahi kumwambia." Alijipangusa kwa mkono wa shati. "Nilikuwa nakasirika, shemeji. Nimetafuta hasira sasa hivi siioni."

Alhamisi waliketi watatu nje ya chumba cha upasuaji. Kabla hajasukumwa ndani, mama aliwatazama mmoja mmoja, akamkagua Garam mara mbili. Upasuaji ulikula nusu ya siku. Daktari mwenye chunusi alitoka, akainama, akasema valvu imekaa, ila bado hawajavuka; wangojee aamke. Siku hiyo hakuamka.

Ijumaa, saa ya kuona wagonjwa mahututi, waliruhusiwa kuingia Seungpyo na Garam. Mama alikuwa na bomba mdomoni, macho yamefumba. Seungpyo alimwinamia.

"Mama, kesho siendi. Nakaa hapahapa."

Kope za mama zilitikisika. Macho yalifunguka kidogo, mekundu, yakamtafuta mpaka yakampata. Kusema hakuweza. Aliuinua mkono juu ya shuka, uzito wake ukionekana kama wa jiwe, akaukita kifuani mwa mwanawe na kumsukuma. Msukumo wenyewe usingeweza kuangusha hata kikombe. Akapumzika, akasukuma tena, kuelekea mlangoni.

"Ananifukuza," Seungpyo alisema.

"Anakufukuza," Garam alikubali.

"Nikienda, jambo likitokea?"

"Sijui, mpenzi. Sina jibu, na sitakutungia."

Jumamosi asubuhi walisimama mbele ya geti la shule ulipofanyikia mtihani. Watu walikuwa wengi: akina mama wenye rozari, wenye tasbihi za Kibudha, baba mmoja anabandika pipi inayonata kama gundi kwenye nguzo ili mwanawe ang'ang'anie humo ndani. Seungpyo alivaa viatu vya Inpyo. Akatoa simu yake, akampa Garam.

"Usiizime."

"Sizimi."

"Inpyo akipiga, uniite."

"Mlinzi hataniruhusu kuingia."

"Upige kelele hapa getini. Sauti yako naijua. Hata nikiwa nimebakiza swali moja, hata wakisema nimejifukuzisha. Usiniwekee mpaka nitoke, Garam. Lolote lile."

"Nitapiga kelele."

"Apa."

"Nikiapa utaniamini?"

Alimtazama kwa muda. Macho yake yalikuwa na mishipa myekundu, na chini yake weusi wa siku nyingi. "Wewe ndiye uliyeniambia," alisema. "Nitamwamini nani mwingine?" Halafu, akiwa ameshageuka kuingia, akasema kwa kugeuza shingo: "Na mambo ya tutaoana nikifaulu, hayo yafutike. Tutaoana."

"Hivyo ndivyo mtu anavyoposa?"

"Nimechoka, Garam. Nikitoka nitaposa vizuri."

Geti likafungwa. Akina mama wakatulia, wakaanza kuzima simu zao moja baada ya nyingine, kama ilivyo desturi, ili habari isije ikapenya na kumwangukia mtu ndani. Garam aliketi kwenye ukingo wa bustani, simu mbili mapajani, yake na ya Seungpyo.

Mama mmoja mtu mzima, mwenye rozari, alimgusa bega.

"Binti, zima hizo. Simu wakati wa mtihani ni nuksi."

"Siwezi, mama. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

Garam alifungua mdomo aseme rafiki, au mchumba, au neno lolote kati ya yale aliyozoea kujificha nyuma yake miaka yote ile ya kungoja.

"Mume wangu," alisema.

Mama yule alizitazama simu zile mbili, akamtazama na Garam usoni. Akasogeza mkoba wake, akaketi karibu naye wangoje pamoja. Ndani, kengele ya kuanza ikalia. Garam aliiongeza sauti ya simu hadi mwisho, akakohoa kidogo kusafisha koo, asije akaitwa kupiga kelele likamkauka.